Ai Liv Hia

Jumapili, 8 Machi

Hili sijamwambia mtu yeyote, na hata kanisani leo nimelipita kimya kimya kwenye sala zangu, niliogopa nikilitaja litaharibika: mama yangu anarudi mwezi wa sita.

Ametuma voisi asubuhi kwenye simu yangu, mamkubwa akiwa anaoga mwisho wa korido. Nimeisikiliza nimejitanda kanga mpaka kichwani kama mtu mwenye homa. Mama yuko Dubai tangu nilipomaliza darasa la saba kule Songea. Anafanya kazi za ndani. Analala hosteli ya wakala, asubuhi gari linawabeba na kuwasambaza kwa mabosi wao, na mkataba wake unaisha Juni. Siku hizi anachomeka Kiingereza kila mahali, anasema mimi ninayesoma sekondari ndiye wa kufanya naye mazoezi. Naandika kama alivyotamka:

"Jose wangu, don wari. Nimeshaongea na madam. Mwezi wa sita, ai liv hia. Mamkubwa wako usimwambie kwanza, nitamwambia mwenyewe. Wewe unaonaje?"

Eti naonaje. Nimemrudishia voisi ya kunong'ona: nimefurahi sana mama, fanya hivyo hivyo, usije ukabadilisha mawazo.

Mamkubwa katoka bafuni kaniuliza mbona nimejifunika na joto lote hili. Nimesema kichwa. Kasema nikanywe maji.

Jumanne, 10 Machi

Joto. Majirani wa chumba cha pili wamefunga Ramadhani, Mama Anuari katuletea tambi za futari. Mamkubwa kapokea sahani, kashukuru, kafunga mlango.

Jumamosi, 14 Machi

Dukani kutwa. Duka la mamkubwa Klara liko chini ya ngazi za jengo, Mtaa wa Narung'ombe, ukiinuka vibaya unagonga kichwa. Anauza zipu, vifungo, nyuzi, lastiki, vitu vya mafundi cherehani. Mafundi wanampenda. Anawatania, anajua nani mke wake kajifungua, nani kaharibu suti ya bwana harusi. Leo kuna fundi kaleta zipu imekatika, anataka abadilishiwe, mamkubwa kamwambia, "Baba, zipu yangu haikukatika, ni mteja wako amenenepa." Watu wote kibarazani wamecheka, na mimi nimecheka.

Kisha kanigeukia: "Shika hii. Panga zile nyeusi. Usisimame njiani."

Ndivyo ilivyo. Nadhani maneno yake yote mazuri yanaishia dukani, nyumbani anafika na makombo. Tunakula, tunaosha vyombo, anasikiliza redio, anasema zima taa. Tangu nimefika Dar sijawahi kujua kama anafurahi mimi kuwepo au ananivumilia tu kwa sababu ni mtoto wa mdogo wake. Si mtu mbaya. Ila nikikaa naye chumba kimoja najiona kama mgeni ambaye basi lake limechelewa.

Mwezi wa sita si mbali.

Alhamisi, 19 Machi

Mvua ya kwanza. Barabara ya Msimbazi imenuka vumbi lililolowa, halafu imenuka mambo mengine.

Jumanne, 24 Machi

Leo natamani nisingekuwa na mdomo.

Mwalimu Gaudens wa Kiingereza alitaka kila mmoja asimame ajieleze kwa dakika moja. Nilikuwa nimeandika na kukariri. Nikasimama, nikasema naitwa Josepha, nina miaka kumi na sita, and I live with my aunt in Kariakoo. Mwalimu akaniuliza, mnaondoka lini? Sikumwelewa. Akaandika ubaoni maneno mawili, live na leave. Akasema niliyoyaandika ni "naishi na mamkubwa wangu," lakini niliyoyatamka ni "naondoka na mamkubwa wangu." Tofauti iko kwenye i. Ile ya live ni fupi, kama umechomwa na sindano. Ya leave unaivuta, kama unacheka mbele ya kamera. Kiswahili chetu kina i moja tu, ndiyo maana tunayachanganya yote mawili, wala si mimi peke yangu. Hakuwa ananisimanga. Lakini darasa lilikuwa limeshaanza.

Evelyn, anayekaa nyuma yangu, akasema kwa sauti ya kutosha: "Jamani, wanaondoka Kariakoo tangu form one, mpaka leo hawajafika?"

Wakacheka mpaka wa darasa la jirani wakachungulia dirishani. Mwalimu akapiga meza, akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema tena, fupi. Nikarudia. Mara ya mwisho sauti iliyotoka mdomoni mwangu haikuwa yangu, ilikuwa ya mama, vile vile kabisa, na i yake ile ile.

Ai liv hia.

Nikakaa chini bila kuruhusiwa. Walidhani ni aibu.

Ijumaa, 27 Machi

Nimeisikiliza tena na tena, na spika za masikioni, chooni, ngazini, njiani kwenda Upanga shuleni. I ya mama si fupi, si ndefu. Ni i ya kwetu, ya kawaida, kama ya "kiti."

Nimekumbuka kitu nilichokuwa nimekisahau, au nilichokuwa sitaki kukikumbuka. Wakati wa Krismasi mama alisema madam anataka ahame hosteli, akalale palepale kwake. Kuna chumba nyuma ya jiko.

Mwezi wa sita naondoka hapa. Mwezi wa sita naishi hapa. Yote mawili yanaingia kwenye ile sentensi bila kubanwa.

Jumapili, 29 Machi

Mama kapiga. Wameongea na mamkubwa habari za bati la nyumba ya bibi kule Songea, kisha nikapewa simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda? Mbona sauti imekonda?"

Nikasema sijakonda. Akauliza shule, nikasema nzuri. Akasema ehee, kama anayesubiri kitu. Ilikuwa nafasi. Neno moja tu la Kiswahili: unarudi? Mtoto wa chekechea angeuliza. Mimi nimesema mvua zimeanza huku.

Naandika ukweli kwa kuwa hapa hapasomwi na mtu. Sikuuliza kwa sababu nisipouliza mama bado anarudi. Anarudi nusu. Nusu si haba.

Jumatano, 1 Aprili

Evelyn kaniita "Bai Bai." Limeshika. Hata mlinzi wa getini ananiita hivyo, anadhani ni jina langu la kwetu.

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka. Mamkubwa kanishonesha gauni kwa fundi wake, la kijani, zipu kaichagua mwenyewe. Limenikaa vizuri ila pindo la chini limekunjwa sana, kama shubiri nzima ya kitambaa imefichwa ndani. Nikamuuliza mbona kubwa hivi.

"Utarefuka," akasema. "Tutakuwa tunalishusha kila mwaka."

Nimekula pilau bila hamu. Anapanga miaka, na mimi nimemficha kwamba huenda imebaki miezi. Au imebaki miaka na anayejidanganya ni mimi. Sijui nimwonee huruma nani.

Jumatano, 8 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 9 Aprili

Mvua. Bonde la Jangwani limefurika, hapapitiki, walimu wa upande wa Magomeni hawajafika. Tumekaa darasani tukisikiliza bati. Hakuna aliyeongea na mimi, wala mimi sikuongea na mtu. Nilipofika nyumbani nikasema "hodi" na nikashtuka kusikia sauti yangu, ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuitumia leo.

Alhamisi, 16 Aprili

Maktaba ya shule ina kamusi moja kubwa ya Kiingereza, jalada limetoka, inaeleza na asili ya maneno. Nilikwenda mapumziko, nilitaka kujua tu kwa nini watu walitunga maneno mawili yanayofanana hivyo kama si kwa ajili ya kutesa watu.

Live, zamani sana, lilikuwa kubaki. Aliye hai ni aliyebaki. Na leave, nililidhania ni kwenda, kumbe mwanzo wake ni kubakiza. Kufanya kitu kibaki. Ukiondoka, kuna uliyemwacha, na lile neno lilikuwa linamtazama yule aliyebaki, siyo yule anayekwenda. Baadaye sana ndiyo watu wakaligeuza likamfuata mwenye begi. Halafu kamusi inasema yote mawili, huko nyuma kabisa, yametoka kwenye shina moja lenye maana ya kunata. Kama gundi. Kama mafuta kwenye vidole.

Kuna na leave nyingine, ile ya likizo, ile ya kuomba ruhusa kwa bosi. Hiyo si ndugu yao. Hiyo ni ukoo mmoja na love. Nimeisoma mara mbili nikidhani nimekosea mstari.

Mwalimu Gaudens alikuwa anarudisha vitabu, akaniona. Nikataka kuifunga. Akasema niache, akavuta kiti. Akaniambia mwaka wake wa kwanza chuoni alimwambia mhadhiri wa Kizungu kwamba yeye anaishi kesho. Nikacheka bila kutaka. Kisha akasema kitu ambacho nimekibeba mpaka nyumbani.

"Sisi wenyewe tuna kuishi na kuisha, Josepha. Herufi moja. Mzungu akiikosea tunamcheka hivyo hivyo."

Nikamuuliza, kama mtu amesema liv na hujui ni ipi, unajuaje? Kwa unyonge, nikiangalia meza.

Akafikiri. "Unamwuliza," akasema.

Nilikuwa na matumaini kuna kanuni.

Jumapili, 19 Aprili

Mama kapiga. Sikumwuliza.

Jumapili, 26 Aprili

Sikumwuliza. Mtandao mbaya.

Si kweli, mtandao ulikuwa mzuri.

Jumamosi, 2 Mei

Nimeamua anarudi. Mtu hawezi kukaa katikati muda wote, nimechoka. Nimetoa begi la zambarau nililokuja nalo kutoka chini ya kitanda, nimelipangusa ukungu wa mvua, nimeanza kutenga nguo: zinazonitosha huku, zisizonitosha kule. Kama mama atapanga chumba Dar nitahamia kwake, kama tutarudi Songea basi Songea. Gauni la kijani nimeliweka juu ili lisikunjamane.

Jumatano, 6 Mei

Mamkubwa ameliona begi. Sijui kwa nini nasema hivyo, hakusema chochote. Ila limesogezwa, zipu yake iliyokuwa inakwama sasa inateleza. Amebadilisha kichwa cha zipu.

Jumamosi, 9 Mei

Dukani leo hakutania mtu. Fundi mmoja mzee, Isidori, kamwuliza Mama wewe leo umeamkaje, kasema mvua imemwingia magotini. Mimi hakuniambia shika wala panga. Nilisimama njiani kabisa, kwa makusudi, nione. Kanipita kwa upande.

Sikujua kwamba zile amri zake nitazitamani.

Alhamisi, 14 Mei

Mvua. Zima taa.

Jumanne, 19 Mei

Leo hakuna mvua, shule kavu. Evelyn leo amenikuta peke yangu kwenye ngazi, akakaa, akaniuliza kama nina penseli. Nikampa. Akasema baba yake yuko Mwanza, "anakuja anakwenda, sasa hata hatuhesabu." Kisha wenzake wakapita, akainuka, akasema, "Asante, Bai Bai." Sijui nimchukulieje.

Jumapili, 24 Mei

Nitaandika yote, taratibu.

Mama alipiga baada ya misa. Mamkubwa alikuwa anapiga pasi, akaiweka simu kwenye kabati akaifungua sauti ya nje. Mimi niko kitandani, begi liko mlangoni, nilikuwa nimelitoa kulianika. Wakasalimiana. Kisha mama akasema, "Dada, kuna jambo nilitaka nikwambie mwenyewe."

Nikajua ndiyo hii. Nikakaa wima.

"Nimesaini, dada. Miaka miwili mingine. Mwezi wa sita nahamia kwa madam, ana chumba nyuma ya jiko."

Pasi ikasimama. Mamkubwa akaliangalia begi, akaniangalia mimi, akaliangalia tena begi.

"Najua nakubebesha mzigo," mama akaendelea, haraka haraka, kama mtu anayeogopa salio litaisha. "Nilikuwa na aibu ya kukwambia. Nilisitasita sana. Lakini Jose anajua tangu mwezi wa tatu, nilimwuliza kwanza yeye. Akaniambia nimefurahi mama, fanya hivyo hivyo, usije ukabadilisha mawazo. Hiyo ndiyo ilinipa nguvu ya kushika kalamu. Yupo hapo? Jose, upo?"

Sijui nieleze vipi. Si kwamba nililia. Ni kama pale unapokanyaga ngazi ambayo haipo. Mama hakuwa ameamua. Alikuwa anauliza. Kama ningesema hapana mama, rudi, huenda leo angekuwa anafunga mizigo. Nilimwambia asirudi kwa furaha yote niliyonayo.

"Nipo, mama."

"Umenyamaza."

"Hongera, mama," nikasema.

Akacheka, sauti ikalegea. Akasema sasa hivi anajua Kiingereza kunishinda. Akasema ananipenda. Akakata.

Harufu ya kitambaa kuungua ikajaa chumbani. Mamkubwa akanyanyua pasi, akaichomoa, hakuangalia alichokiunguza. Akaja akakaa ukingoni mwa kitanda, mbali kidogo.

"Lile begi lilikuwa la nini?"

Nikamwambia. Nilianza na voisi, nikaenda kwenye i fupi na i ndefu, nikamtajia darasa, Evelyn, kamusi, kila kitu, vikitoka bila mpangilio. Nikamchezea ile voisi. Akaisikiliza ameinamisha kichwa, kama anavyosikiliza zipu akiifunga kujua kama meno yake ni mazima.

"Liv," akasema. "Liv. Sasa si ni kitu kimoja?"

"Ndiyo, mamkubwa. Kwetu ni kitu kimoja."

Akatikisa kichwa. Nilidhani atacheka, akawa amekasirika. "Sasa kinywa unacho, Kiswahili unacho. Kwa nini hukumwuliza?"

Nikamwambia lile nililoliandika humu, kwamba nisipouliza bado anarudi. Nikainama.

Mtaani muuza kahawa alikuwa anagonga vikombe vyake. Kisha mamkubwa akaongea akiangalia mikono yake, na hakuna siku amewahi kuongea na mimi maneno mengi hivyo.

"Mimi nilipoliona begi nilisema mtoto amenichoka. Nikasema Klara, wewe mdomo wako ni wa biashara tu, mtoto wa watu umekaa naye kama umekaa na kabati. Nikataka nikuzuie. Nikawaza, nimzuie kwa lipi, sikumzaa. Nikaona angalau nirekebishe zipu, usije ukahangaika nayo njiani."

"Sikukuchoka," nikasema.

"Na mimi sikuuliza," akasema. "Umeona? Tuko wawili humu ndani."

Baadaye, tukichambua maharage, akasema lazima nimwambie mama. Nikakataa. Ameshasaini, kumwambia ni kumchoma bure, acha aende na amani yake. Mamkubwa akasema kusaini ameshasaini, hilo basi. "Lakini mdogo wangu atalala nyuma ya jiko la watu miaka miwili akijua mwanae amefurahi yeye kuwa mbali. Unadhani hiyo haimchomi? Inamchoma kila siku, ila ameamua kuiita nguvu."

Jumatano, 27 Mei

Nimetoa nguo kwenye begi. Mamkubwa ameamuru nipange zile nyeusi na nisisimame njiani.

Mvua zinaisha. Zinanyesha kidogo alfajiri, kisha jua kama hakuna kilichotokea.

Alhamisi, 28 Mei

Kwa Kiswahili tunasema ameniacha. Mtu akikuacha amekwenda, na mume akikuacha amekutaliki. Lakini tunasema pia mwache akae. Nimewaza hilo kutwa. Sina la kufanya nalo.

Jumapili, 31 Mei

Misa ya pili imetoka. Mamkubwa yuko nje kwenye ngazi na simu, pale mtandao unaposhika vizuri, anaongea na mama. Tulikubaliana aanze yeye, na mimi nikae humu nijipange. Nikiongea bila kuandika nitasema shule nzuri, mvua zimekwisha, sijakonda. Najijua.

Kwa hiyo naandika kwanza. Nimetafuta maneno yasiyofanana na maneno mengine yoyote.

Mama, sikufurahi. Nilidhani unarudi. Ulisema liv nikaisikia ninavyotaka, nikakujibu kabla ya kukuuliza. Kaa, maana umeshasaini, na mamkubwa amesema mimi si mzigo. Ila usikae ukijua nimefurahi. Nakuhitaji. Kila Jumapili ukiniuliza habari zangu nilikuwa nakwambia za hali ya hewa. Nimekuwa mpweke sana mama, na sikukwambia.

Nimeisoma. Inasomeka.

Nasikia ndala za mamkubwa zinarudi kwenye korido, polepole, bado anaongea. Siku zote nikizisikia nalisukuma daftari chini ya mto na kushika kitabu cha jiografia. Amesimama mlangoni. Anasema, "Yupo, nakupa, ana la kusema." Daftari liko magotini, limefunguka ukurasa huu. Atayaona ya makombo, ya mgeni na basi lake, atayaona yote akitaka. Sifuniki, kwa sababu nitamsomea mama kutoka